Pampu Inayobisha Hodi

Mama watoto, na nyinyi wanangu,

Tangi la juu ni kavu. Maji ya kunywa yamo mtungini, nguo zisubiri.

Teremkeni kijitoni mkaiamshe pampu. Kandamizeni kizibo chake kwa kiganja, mkiachie, mkikandamize tena, mpaka kianze kugonga chenyewe. Haitaki mafuta wala umeme. Kijito chenyewe ndicho kinachosukuma maji yapande huku. Inataka subira tu, kitu ambacho mimi leo sikuwa nacho.

Zile kelele za asubuhi mnisamehe. Nilidhani mmechezea bomba. Kumbe bibi yenu ndiye aliyeifunga pampu usiku. Nilipomuuliza aliniambia bila hata kunitazama: “Inabisha hodi usiku kucha, mwanangu. Kila ikibisha, naamka kumfungulia mdogo wako.”

Nami nilikuwa nasema ni uzee unaomnyima usingizi!

~~Nitaleta kipande cha mpira niipunguzie mlio.~~ Haifai. Pampu hii ikinyamaza, maji hayapandi. Basi mchana igonge, tangi lijae, na mfuniko mrudishe, tafadhali, si kama juzi.

Mimi kukaa siwezi. Nimekwenda kwenye machimbo ya mawe kumleta huyo baba yenu mdogo, aliyeaga kwamba anakwenda wiki moja na sasa huu ni msimu wa pili wa mvua. Atakuja, hata kwa kuvutwa sikio.

Leo ifungeni pampu mapema. Atakayebisha hodi jioni atakuwa mtu. Msimtangulie bibi yenu mlangoni.

Baba mwenye kelele