Kwa Mama Shani, Kuhusu Saa ya Mapigo ya Moyo

Mama Shani wangu,

Utacheka ukisikia naandika barua. Miaka yote ya ndoa yetu mwenye mwandiko alikuwa wewe. Mimi niliandika saizi za misumari na majina ya rangi, basi. Lakini kuna jambo nimeligundua wiki hii, na nimetafuta mtu wa kumwambia nikakukosa wewe tu. Nimekaa dukani, mlango nimeuteremsha nusu ili wateja wadhani nimetoka.

Unaikumbuka siku saa ile ilipofika? Shani aliituma kwa basi kutoka Dodoma, kaitia ndani ya soksi isivunjike, baada ya daktari kuniambia presha imepanda na dawa peke yake hazitatosha, lazima nitembee. Uliifungua wewe kabla yangu. Ulipoona taa ya kijani inawaka chini yake, ukasema mwanao amenifungia kimulimuli. Halafu Shani akapiga simu akatueleza kwa ile sauti yake ya uuguzi, ya wodini. Taa inasoma damu inavyopita, na namba inayotokea ni mapigo ya moyo kwa dakika moja. Chukua mia mbili na ishirini, toa umri wa baba, kinachobaki ndio mwisho wa moyo wake. Mazoezi yake yeye yawe kati ya mia moja na mia na kumi na tano. Chini ya hapo anatembeza nguo, juu ya hapo anajitesa. Dakika thelathini, siku tano kwa wiki.

Nilitaka kwenda peke yangu. Ukasema huwezi kuniacha nikadondoke barabarani kama gunia halafu watu waje kukuita. Ukavaa raba za Shani za shule, ukajifunga kanga kiunoni, na kulipopambazuka tukatoka pamoja, mimi naangalia mkono, wewe unaangalia watu.

Shida ikaanzia hapo. Wewe ulikulia kijijini Mamba, kwenye mpunga, ambako tuta ni jembamba kiasi kwamba wawili wakikutana lazima mmoja asimame ampishe mwenzake, na wakishasimama hawaachani mpaka wameulizana watoto, mvua na ng'ombe. Ukaolewa mjini ukaja na tuta lako. Barabara ya Ilembo inapitisha lori, lakini wewe uliitembea kama tuta. Kwa muuza uji, unasimama. Kwa mzee wa mashine ya kusaga, unasimama, unauliza mguu wake, kisha unauliza mguu wa mke wake. Na mimi pembeni yako naiona namba inaporomoka: mia na nane, tisini na tisa, themanini na nne. Nilikuwa naumia kama mtu anayeona maji yake yanamwagika.

Nikajaribu kusalimia bila kusimama. Nilinyoosha mkono, nikasema asalaam aleikum huku napita. Kesho yake muuza uji akakukamata. Ulinisimulia mwenyewe, huku unajizuia kucheka.

"Mumeo jana kanipungia kama anafukuza nzi. Nyie mmekosana?"

"Hatujakosana," ukamjibu. "Ana saa."

Mtaa mzima ukaokota hilo neno. Nikipita, watoto wanaambizana nina saa. Mteja akija dukani nikachelewa kumjibu, anasema mwacheni, ana saa. Mimi sikucheka, na najua ilikuudhi kwamba sikucheka. Asubuhi moja ukaniuliza taratibu kama moyo wangu kweli hauwezi kungoja watu wajuliane hali. Nikakujibu kwamba Shani amesema dakika thelathini bila kukatika. Shani hakusema bila kukatika. Hayo maneno niliyaongeza mimi.

Kuanzia siku ile nikawa natangulia. Tulitoka mlango mmoja, lakini tukifika kwa muuza uji wewe unabaki, mimi naendelea mpaka uwanja wa mpira, nakungoja pale ndipo tugeuze. Hukunung'unika. Ulisema nenda, nitakukuta. Nami nikaona nimepata mke mwelewa, nikaongeza mwendo.

Halafu ini likakushika. Daktari alituambia matembezi hayakuhusika hata kidogo, na kwamba moyo wako ulikuwa mzima. Wiki tano. Sitayaandika hayo, uliyapitia mwenyewe. Nitasema tu kwamba mgonjwa wa nyumba ile nilikuwa mimi, dawa za kila asubuhi zilikuwa zangu, na uliondoka wewe.

Saa niliitia kwenye droo ya makufuli nikaisahau makusudi. Baada ya arobaini yako Shani akanigombeza kwa simu, akasema hana mpango wa kuzika wazazi wawili kwa mwaka mmoja. Nikaivaa, nikatoka. Sikufika mbali, Mama Shani. Muuza uji aliacha mwiko ndani ya sufuria akaja kusimama katikati ya barabara. Ningempitia wapi? Nikasimama. Akaniuliza presha ilikuwa ngapi safari ya mwisho. Nikamwambia. Akasema alhamdulillahi, imeshuka, maana mwezi ule wa kwanza ilikuwa juu sana.

Nikamuuliza yeye kaijuaje.

"Si Mama Shani alikuwa anatuambia? Kila siku. Alikuwa anasema muombeeni, ni mkaidi huyo."

Na mzee wa mashine anajua mpaka rangi ya vidonge vyangu. Kumbe nyumba zote zile ulizokuwa unasimama ulikuwa unanisemea mimi. Nilikuwa natembea haraka kuokoa moyo wangu, na nyuma yangu wewe unakusanya dua za kuuokoa. Nilirudi nyumbani siku ile bila kumaliza hata dakika kumi, nikalala kitandani na viatu.

Siku hizi nasimama kila nyumba. Namba inashuka, nikiondoka inapanda tena, na wala sijafa. Asubuhi kabla sijainuka kitandani saa inaniambia sabini na mbili, ilhali tulipoanza ilikuwa themanini na tisa. Daktari ameridhika. Natamani ungekuwepo umsikie akinisifia, kwa sababu ungemjibu kitu cha kuniaibisha.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa Shani alikuja, akanifundisha kufungua kwenye simu ile programu ya saa. Kumbe kila tulipotembea ilihifadhi. Siku moja, mstari mmoja. Mistari yangu yote imenyooka kama bati, naona fahari kuiangalia. Katikati yake upo mmoja ambao si wangu. Unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, mara saba. Nikamwambia Shani saa iliharibika siku hiyo. Akaangalia tarehe, akaniuliza nani alivaa.

Ulivaa wewe. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ulisema leo nipe na mimi nijue kama nina moyo, ukapandisha bangili zako juu ili saa ipate nafasi. Mimi nilitangulia vilevile, mkono mtupu, kwa mazoea tu. Jioni nilipokuuliza ilisema nini, ukasema inapiga, inatosha.

Tukaupitia na Shani polepole, kidole juu ya kioo. Hapa mia na nne, unatembea. Hapa sabini na nane, ni kwa muuza uji. Hapa tena umeondoka, hapa ni mashine ya kusaga. Nimezihesabu nyumba zote. Shani alisema moyo unaoshuka haraka hivyo ukisimama ni moyo wenye afya, na kwamba kupanda na kushuka kwako lilikuwa zoezi zuri kuliko langu. Alisema hivyo akitabasamu, kisha akafika mwisho wa mstari akasimamisha kidole. Pale mapigo yanaruka mpaka mia na hamsini na nane. Akaniuliza kama mwishoni kuna kilima.

Hakuna kilima, Mama Shani. Ni uwanja wa mpira. Ni sawa kama sakafu.

Nikakuona. Umeshika kanga kwa mkono mmoja, raba za Shani zinakupwaya, unakatiza uwanja mbio, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na unacheka kwa sababu umeniona nimegeuza uso kukuangalia. Ulifika ukashindwa kusema, ukanishika bega uvute pumzi. Na mimi nikakwambia umechelewa.

Hilo ndilo nilikuwa nalo la kukwambia. Nimekaa nalo tangu Ijumaa, naufungua ule mstari, naufunga. Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nimesimama tu pale golini, sina hata saa mkononi, na sikurudi nyuma hatua moja kukupokea.

Mungu akulaze pema.

Mumeo,
Baba Shani