Mguu Mmoja Melini

Jumanne, 3 Agosti 1954. Mbeya
Nimepiga taipu tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Karani mkuu amenipa ruhusa hadi Jumanne ijayo, kwa kinyongo, kana kwamba nimemvua shati. Mwezi ujao nahamishiwa Iringa. Kwa hiyo ni sasa au basi: meli ya Ziwa Nyasa, kutoka Mwaya hadi Manda na kurudi. Saidi, Ambakisye na mimi tumeipanga safari hii tangu mwaka juzi. Mara ruhusa ikakataliwa, mara mvua ikakata barabara.
Naogopa maji. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 5 Agosti
Saidi amejua. Amekulia dukani kwa baba yake, humfichi kitu. Amenitangaza sokoni: "Mhehe huyu akiona mawimbi atabweka!" Utani uleule wa Wahehe na mbwa. Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Ambakisye anamleta mkewe, Tumpe. Wameoana majuzi. Sikupenda. Tulisema watatu.

Ijumaa, 6 Agosti. Mwaya
Basi limepasuka tairi tulipoipita Tukuyu. Likatengenezwa, likapasuka tena. Vumbi, kisha joto, kisha mbu. Saidi amebeba kapu la kuku na chapati, hataki liguswe mpaka tuwe melini. Nina njaa. Tumpe ameshona gauni jipya la safari, kila mara analinyoosha. Linaniudhi hata gauni.

Jumamosi, 7 Agosti
Naandika kwa hasira.
Meli ilikuja asubuhi, nyeupe, kubwa kuliko nilivyoogopa. Saidi akatangulia na kapu. Nikaweka mguu kwenye ubao wa kupandia, na hofu ikaniacha. Kweli iliniacha. Ndipo Tumpe, nyuma yangu, akajifunika kanga kichwani na kukimbilia nyuma ya ghala.
Juu, ukingoni mwa meli, amesimama baba yake Ambakisye. Mkwe wake Tumpe. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe kabisa. Hata njiani huingia vichakani kumpisha. Sisi Wahehe tuna heshima zetu za ukwe, lakini si kiasi hicho.
"Meli ndefu hii," Saidi akasema kutoka juu. "Mzee akae mbele, bibi akae nyuma."
"Meli ni nyumba moja," Ambakisye akajibu. "Usirudie."
Akapanda kumwamkia baba yake. Hakushuka. Dada wa mzee amefariki huko Manda. Mzee anakwenda msibani, na mwana akishaonekana hawezi kukataa kumfuata. Ambakisye akanipazia sauti: "Ndugu yangu, nirudishie Tumpe nyumbani!"
Honi ikalia. Saidi ananipungia: "Mhehe, panda!" Tumpe hana mtu hapa. Nikashuka. Meli ikaenda na bwana harusi, na Saidi, na kuku.
Nawachukia wote. Tumpe zaidi.

Jumapili, 8 Agosti. Mbeya
Tumerudi kwa basi. Niliacha nafasi kati yetu, watu wasije wakasema. Basi likasimama Tukuyu. Hapo Tumpe alinunua ndizi za kuchoma, akanipa nusu bila kunitazama.
"Shemeji, unadhani wewe ndiye uliyeingoja meli zaidi?"
Nikatafuna ndizi.
"Kwetu mlimani tunaiona ikipita, ndogo kama punje ya mchele. Tangu utotoni naitamani."
 Gauni lilikuwa limejaa vumbi, na hakulinyoosha tena. Hasira bado ninayo. Sijui tu nimkasirikie nani.

Jumatatu, 6 Septemba. Iringa
Ofisi mpya. Upepo mwingi. Karani mwenzangu, kijana aliyesoma shule ya misheni ya Tosamaganga, ameuliza kama nimewahi kupanda meli. Nikasema mguu mmoja. Akadhani ni mzaha.
Jioni nimemwandikia Ambakisye. Nimemwomba atafute siku ambayo mzee yuko shambani kwake, ampandishe Tumpe meli. Wasiningoje.