Waliniita Mara Tatu

Otonglo, Kisumu

Kwa Baba yangu, Mwalimu Mwakio,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta goti limekubali kukunjika, na kwamba baridi ya Wundanyi haijamrudishia Mama kile kikohozi chake. Mimi mwili ni mzima. Huku joto ni kali, mvua inanyesha jioni, na chakula nakula. Hayo ndiyo ya heri. Yaliyobaki ni machungu, nawe utanivumilia, maana ujumbe wa simu hauyatoshi, na kupiga simu, unajua mwenyewe, si jambo langu.

Nilipofika chuo hiki walinipa mkalimani wa lugha ya ishara, Bi Achieng', mama wa makamo mwenye mikono myepesi. Miaka miwili alisimama kando ya kila mhadhiri, nami nikajifunza kama wenzangu. Walitupiga picha sisi wawili, wakaitundika mapokezi, na chini yake wakaandika kwamba hapa hakuna anayeachwa nyuma. Mwaka wa tatu ulipoanza, mkataba wake ulikuwa umekwisha na hakuna aliyejali kuuandika upya. Picha bado ipo.

Tangu hapo nimekuwa nikikaa mstari wa mbele nikitazama midomo. Mhadhiri akigeukia ubao, kwangu somo limekatika. Mmoja ana masharubu yaliyofunika mdomo wote, na sijui amefundisha nini mpaka nisome daftari la Atieno. Huyu Atieno ndiye ninayekaa naye chumba kimoja, binti wa mama anayeuza samaki Dunga, ufukweni mwa ziwa. Hakuna aliyemtuma kujifunza ishara. Alijifunza kwangu kwa kukosea na kucheka, mpaka sasa tunagombana kwa mikono kama dada wa tumbo moja.

Ulipokaribia mtihani wa mdomo, nilikwenda ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Karani aliniandikia kwenye daftari, "Usijali, siku hiyo mkalimani atakuwepo." Nikamwamini. Siku hiyo nilifika saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Wenzangu waliingia mmoja mmoja, wakatoka. Mkalimani hakutokea. Sikuondoka hata kwenda msalani, Baba. Saa saba mlango ulifunguliwa, watahini wakatoka na mikoba yao, wakanipita. Atieno alikuwa amekuja kunichukua kwa chakula. Nilimwona akimsimamisha karani wa mtihani aliyekuwa na orodha, na baadaye alinisimulia yote waliyosema.

"Na huyu?" Atieno aliuliza. "Yeye ataingia saa ngapi?"

"Wakesho Mwakio? Huyo hakuja. Tumeita mara tatu."

"Hakuja aje na amekaa hapa tangu asubuhi? Nyinyi mnajua hasikii, na mnamuita na mdomo?"

"Madam, mimi kazi yangu ni kuita. Nimeita."

Akaandika kwamba sikuhudhuria. Nilisoma neno hilo mbele ya jina langu, wino bado mbichi, nami nimesimama hapo hapo.

Nilipeleka malalamiko. Nikaitwa mbele ya kamati ya kusikiliza wanafunzi. Watu watano, meza ndefu, chupa za maji, na mkalimani hakuna. Atieno alitaka kuingia nami, wakamzuia mlangoni kwa sababu hajasomea kazi hiyo. Waliokosa kuniletea aliyesomea walimfukuza asiyesomea. Walizungumza wao kwa wao muda mrefu. Mmoja alicheka. Mpaka leo sijui alichekea nini. Kisha mwenyekiti akanisogezea karatasi aliyoandika kwa herufi kubwa, kama ya mtoto wa chekechea: UNA LA KUSEMA?

Nikasema kwa sauti yangu, hii ambayo Mama huniomba niishushe kanisani. Nikasema, "Nilikuwepo."

Hapo ndipo mwenyekiti alipofungua faili na kunionyesha barua. Baba, sikuhitaji kusoma jina. Mwandiko wako ninaujua tangu ulipokuwa ukinisahihishia hesabu. Uliwaandikia kwamba binti yako ana hasira tangu ule ugonjwa wa utotoni uliomchukua masikio. Ukawaomba radhi kwa usumbufu wangu. Ukawashukuru kwa kunivumilia.

Nilikuwa nimekutumia ujumbe wa simu nikikueleza yaliyonipata, nikitaka baba yangu ayajue. Wewe ukayageuza kuwa kosa langu, ukaenda kuniombea msamaha kwa watu walionikosea. Siku ile ya benchi sikulia. Nililia pale, mbele ya watu watano, nao wakadhani ninajuta.

Wakaniandikia kwamba wamenihurumia. Watanipa alama ya kunivusha tu, niweke sahihi kwamba jambo limekwisha. Najua ungeniambia niweke. Ungesema mkono usioweza kuukata uubusu. Nilirudisha kalamu yao mezani. Nikaandika kwa kalamu yangu kwamba sitaki alama ya huruma, nataka mtihani. Mwenyekiti aliinua mabega, kikao kikaisha.

Jumamosi ile sikuweza kukaa chumbani. Nilikwenda Dunga na Atieno. Mama yake alikuwa akianika omena, hao dagaa wa ziwani. Aliponiona uso, aligonga meza ili nimtazame, akanionyesha kibao cha kukalia, kisha samaki mbichi na kisu. Hakusema pole. Nilipara magamba mpaka mikono ikachoka. Baadaye akanitazama vizuri machoni ili niuone mdomo wake, akasema polepole, "Nyathina, kesho unarudi kwa hao watu." Ndivyo wanavyosema huku: mtoto wangu. Sikuwa nimeambiwa hivyo na mtu kwa muda mrefu.

Nikarudi. Kila asubuhi kwa wiki tatu nilisimama nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo na barua mkononi, mpaka aibu ikawashika, au kuchoka, sijui. Walimwita Bi Achieng' kwa asubuhi moja tu. Nikafanya mtihani wangu. Baba, nilipasua! Nimepata alama ya pili kwa ukubwa darasani, na watahini waliniuliza maswali zaidi ya kumi. Bi Achieng' alinikumbatia, akaondoka. Jumatatu iliyofuata nilikaa mstari wa mbele, mkalimani hakuna, yule wa masharubu akageukia ubao. Hivyo ndivyo nilivyoshinda.

Sikuandiki haya ili uone aibu. Ni wewe uliyenibeba mgongoni hospitalini, na kwa ajili yako niko hapa. Lakini usiniombee msamaha tena kwa mtu yeyote. Sijakosa.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie kaka Mwadime na wifi, na shangazi Mkamburi wa kwaya. Mpe Bibi salamu zake peke yake, umpigie kelele sikioni, maana sasa tuko wawili nyumbani.

Nakuja likizo ya Desemba. Miaka kumi na mitatu, Baba, umezungumza nami kwa kuandika kwenye vikaratasi, na nyumba nzima haina anayejua hata ishara ya "mwanangu". Atieno alihitaji miaka miwili. Nikifika nitakuketisha uani nikufundishe, na hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza. Usiniambie umezeeka. Usitafute kalamu.

Ni mimi, mwanao,
Wakesho