Pindo la Mtandio

Jumatatu, 3 Hidar

Mwalimu Gezahegn katuambia tuchague projekti binafsi. Katuni ya dakika moja, mada iwe kitu kinachokugusa mwenyewe. Kinachokugusa! Darasa zima likaguswa na kahawa. Bitanya ndiye aliyeanza – birika la udongo, moshi, mama anatabasamu – na wengine wakamfuata kama mbuzi. Mimi sikuandika kitu. Mwalimu kaniuliza nyumbani wanafanya kazi gani. Nikasema baba anachora mabango ya maduka huko Dessie. Macho yakamng'aa. Basi chukua herufi zake uzitie uhai, kasema. Nikajibu kwamba herufi za baba zimepinda na rangi zake zinaumiza macho. Darasa likacheka. Lakini ni kweli.

Jumatano, 5 Hidar

Baba kapiga simu kutoka hospitali. Kifua tena, wamemlaza. Nikamsimulia ushauri wa mwalimu, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. Akauliza anitumie picha ya bango lipi – la kinyozi au la duka la dawa? Nikamwambia asijisumbue, mwalimu mwenyewe hajui dizaini.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Msomi ni wewe."

Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu. Bango la kinyozi lina kichwa chenye masikio mawili upande mmoja, jamani.

Jumamosi, 8 Hidar

Nimepata projekti!

Jirani yetu wa nyumba ya pili kafiwa na kaka yake huko mjini Jimma. Mtaa mzima ulijua tangu juzi. Yeye hakujua. Jana alikunywa kahawa na shangazi Wubalem hapa kwake ninapokaa, wakacheka, shangazi akamtazama usoni bila hata kupepesa jicho. Leo alfajiri wakaenda kundi zima, mbele Mzee Demissew wa chama cha kuzikana, wakabisha hodi, wakamwambia. Kilio kikaniamsha.

Nikamuuliza shangazi kama haoni aibu. Kasema habari ya kifo hapewi mtu akiwa peke yake, wala akiwa na njaa, wala kwa simu. Eti huo ndio utu. Upuuzi! Watu wazima na ndevu zao wanacheza kombolela na maiti. Mimi mtu akinificha jambo siku moja, simsemeshi mwaka. Basi katuni yangu ni hiyo: Waongo wa Alfajiri. Wote nitawachora bila midomo.

Jumatatu, 10 Hidar

Mwalimu kakubali, shingo upande. Nimeshachora karibu yote: wanamficha simu, wanamlisha mpaka ashibe, wanapita "kusalimia tu", halafu wanasimama mlangoni kabla jua halijatoka.

Bitanya kaja nyuma ya kiti changu bila kuitwa. Kasema nimekosea mitandio ya wanawake. Siku za kawaida pindo la rangi huning'inia chini, msibani hupandishwa juu shingoni. Kasema kwa upole, ndiyo maana nilitamani kumfunga mdomo kwa gundi. Nikamwambia hakuna atakayetazama pindo. Nivuruge leya zangu zote, tabaka kwa tabaka za mchoro, kwa sababu ya malkia wa kahawa? Thubutu.

Simu ya baba inaita tu. Atakuwa amelala.

Jumanne, 11 Hidar

Shangazi kaazima simu yangu. Eti yake imekufa betri. Tangu asubuhi, na hajairudisha.

Kapika kuku. Jumanne, sikukuu hakuna, mgeni hakuna. Kila nikisukuma sahani anaongeza. Mzee Demissew kapita, kakaa, kaniuliza masomo yanaendeleaje. Mzee ambaye hajawahi hata kuitikia salamu yangu vizuri! Nikamjibu mkato. Hakununa, hakukemea. Alitikisa kichwa tu.

Nikadai simu nimpigie baba.

"Baba yako anapumzika," shangazi kasema, macho kwenye chungu. "Kula kwanza."

Nimekula. Ninachofikiri sitaki kukiandika. Shangazi siku zote ni mtu wa vituko. Na projekti hii imenijaza ujinga kichwani, basi.

Jumatano, 12 Hidar

Giza bado. Geti limefunguliwa polepole, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Minong'ono uani.

Nimechungulia pazia. Mzee Demissew yuko mbele. Jirani wa nyumba ya pili naye kaja, juzi tu kafiwa, kaja hata hivyo. Shangazi kasimama katikati yao na mtandio wake mweupe.

Pindo liko juu. Limezunguka shingo.

Bitanya alikuwa sahihi, mpumbavu yule.

Wote wana midomo. Ya shangazi inatetemeka.

Wanabisha mlango wa chumba changu. Taratibu. Naogopa, naandika kwa sababu naogopa. La kinyozi, baba. Ningekwambia unitumie la kinyozi, na masikio yake yote mawili upande mmoja.

Wanabisha tena. Nilisema ni waongo, na sasa ninawaomba kimoyomoyo wadanganye, siku moja zaidi, hata mpaka chai. Nitakula chochote watakachonipa.

"Redi, mwanangu," shangazi anasema. "Fungua. Tuko wengi, hauko peke yako."

Naandika bado. Kabla sijafungua hakuna aliyeniambia kitu. Kabla sijafungua baba anapumzika.