Wazee Uliowatuma

Kaka Kalinga,

Poleni na baridi ya Mbeya. Huku Mafinga mvua ni nzuri na ulanzi unatoka kwa wingi.

Wale wazee uliowatuma waje kunikanya pombe walifika. Mume wangu Jofrey aliwakaribisha kwa ndoo ya ulanzi. Wakanywa, wakanisema weee! Nikafunua kitenge waone mkono alioutegua Jofrey. Baba mdogo akasema ya chumbani yabaki chumbani, kisha akaninyooshea kikombe nimwongezee. Nikammiminia kwa mkono uliobaki mzima.

Unauliza nilianza lini kunywa. Siku Jofrey aliponivunja taya, kaka. Ugali haukupita, ulanzi ukapita, na maumivu yakanyamaza.

Mimi mnaniita mlevi. Jofrey bado mnamwita mkwe wetu.

Mdogo wako,
Evarista