Mkataba Ulioniudhi

Mama Naserian,

Tangu tukuzike nimeanza barua hii mara tatu nikaiacha. Leo naimaliza, kwa sababu kuna jambo nilikufanyia.

Unakumbuka vile tulianza dispensari? Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hapa Kitengela, na chenu cha akina mama Wamaasai. Ukasema twende kwa wakili Kajiado tuandikiane. Niliumia. Nikakuambia, "Tunaomba pamoja kila Jumatano, karatasi ni ya nini?" Ukanijibu, "Mama Mutua, mimi siogopi wewe. Naogopa siku mmoja wetu hayuko."

Yule wakili aliuliza maswali niliyoona ni ya mkosi. Nesi ataajiriwa na nani? Mgonjwa akiumia, nani atashtakiwa? Mkiachana, nyumba itabaki na nani? Wewe hukujua kusoma, lakini ulimfanya akusomee kila kifungu mara mbili, ukiwatafsiria wenzako kwa Kimaasai. Kisha ukaweka kidole. Mimi nilinuna njiani kurudi mpaka Isinya.

Sasa hauko. Miezi michache baada ya mazishi alikuja mfadhili, anataka kutujengea wodi ya kina mama, lakini afanye kazi na kikundi kimoja tu. Mwenyekiti wetu akasema tusajili upya kwa jina letu peke yetu, eti watu wako hawaji mikutano. Hatukuwa hata tumewaita. Na mimi, katibu, niliandika kwenye kumbukumbu: "Wote walikubali." Ni mkono wangu, Mama Naserian. Hakuna aliyenilazimisha.

Halafu wakili wa mfadhili akaitisha mkataba wa kwanza. Nilikuwa nao kwa sanduku, chini ya nguo. Mwenyekiti akaniambia polepole, "Si huo mkataba ungepotea tu? Aliyeujua ameshakufa."

Nikaketi kitandani nikausoma. Hakuna kubadilisha jina, hakuna kuuza, hakuna kuingiza mwingine bila sahihi za pande zote mbili. Chini kabisa, alama ya kidole chako. Nikalia. Hukuwa umetushuku. Ulikuwa umetujua tu, kwamba sisi ni watu.

Asubuhi nilienda kwako. Naserian akaita wale akina mama, nikawaambia yote, hata hayo maneno mawili niliyoandika. Kisha binti yako akauliza, "Yeyo, mama yangu, alijua mtafanya hivi?"

Nikasema, "Alijua tunaweza."

Hakunifukuza. Alinipa chai, lakini hakuketi nami.

Nilipompelekea wakili ule mkataba, mfadhili alisitasita, mwishowe akakubali kuandikiana na vikundi vyote viwili. Msingi wa wodi umechimbwa. Naserian ndiye alitia sahihi upande wenu, baada ya kusoma kila ukurasa huku tukimngoja. Mimi si katibu tena. Mwenyekiti akiniona kanisani anageukia ukuta. Inaniuma, lakini nalala.

Nisamehe. Nilidhani urafiki wetu ulitosha, kumbe wewe uliulinda kwa ule mkataba, hata dhidi yangu.

Kuna vikundi viwili vya Kiserian vinataka kuchimba kisima pamoja, na wameniita niwaeleze vile sisi tulifanya. Nitaenda. Nakuahidi sitawaambia habari za mwenyekiti. Nitawaambia vile mimi niliandika "wote walikubali," kwa jina langu, nikisimama mbele yao.

Sere, kwaheri, dada yangu. Pumzika.

Mama Mutua