Tanzia Isiyofutika

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku ya tisa baba amelazwa. Mapafu. Nikiingia wodini anageukia ukutani. Miaka minane sasa, tangu niolewe na Twalibu, nikaacha kuitwa Theodosia, nikawa Mwanahawa. Hajanisemesha hata neno. Uji wangu lakini anakunywa, na anamaliza. Uji hauna dini.

Leo kaka Moses kaja hapa steshenari kwangu na flashi. "Dada, nitolee kopi hamsini." Flashi yake ina virusi kuliko choo cha stendi, nikahamishia faili kwenye kompyuta kwanza. Nikafungua. TANZIA – MZEE PASIKALI. Nikashika kifua! Kumbe baba hajafa. "Tunajiandaa tu, hali si unaiona." Hongera kwa maandalizi! Penye tarehe kaweka nukta nukta, ijazwe.

Nikasoma mpaka chini. "Ameacha watoto watano." Nikahesabu majina mara tatu nione nani kasahaulika. Moses, Bazilio, Divine, na wale wawili wa Kasulu. Wa sita ni mimi. Nikamuuliza Moses, anajibu ni uamuzi wa kikao cha familia. Kikao! Mimi siku hiyo nilikuwa napika uji. Halafu akauliza kwa ndugu ni bure, au?

Nimemwambia wino umeisha. Ulikuwa umejaa.

Jioni Hashimu, fundi wangu wa Kasulu, kamaliza kuweka kinga mpya kwenye kompyuta, akakimbilia gari. Alipoondoka tu nikafuta lile faili. Nikaingia na kwenye pipa la taka, nikafuta na humo.

Jumatano, 7 Mei 2025

Limerudi.

Jana asubuhi nawasha mashine, lipo. Nikafuta. Leo umeme umekatika mara mbili, limerudi mara mbili. Liko palepale juu kulia, limetulia, TANZIA – MZEE PASIKALI, mgeni asiyejua kuaga. Twalibu kasema nisiogope, akaisomea kibodi Ayatul Kursi. Nashukuru mume wangu. Umeme uliporudi faili nalo lilirudi, sasa limesomewa.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Hashimu kapokea simu! Yuko Rungwe Mpya kwa wakwe, mtandao mpaka apande kichuguu. Anaelezea kwa fahari: kaigandisha kompyuta. Wateja walete virusi wanavyotaka, ikizimwa na kuwashwa inarudi ilivyokuwa Jumatatu jioni. Kilichofutwa kinarudi, kilichoongezwa kinapotea. "Ndio uzuri wake, dada!" Uzuri! Mtihani wa darasa la nne nimeuchapa mara tatu, mwalimu anafikiri nakunywa. Na kuigandua? Inataka neno la siri. Neno liko kwenye daftari, daftari liko Kasulu, yeye yuko kwenye kichuguu. Labda wiki ijayo.

Kwa hiyo nina mashine inayokumbuka siku moja tu duniani, na siku yenyewe ndiyo waliyoniondoa kwenye watoto wa baba yangu. Nimelia kidogo. Mteja kauliza, nikasingizia vumbi.

Ah – baba katoka hospitali! Kapona, yuko nyumbani Mabamba. Alhamdulillah. Moses kanipa habari kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimetoka dakika tano kuteka maji. Dakika tano! Mama Ndayikeza, jirani yake baba kule Mabamba, alikuwa anasubiri kopi ya kitambulisho. Umeme ukarudi, kompyuta ikawaka, mama wa watu akasoma. Narudi na ndoo, hayupo. Hata kitambulisho kakiacha.

Saa kumi Divine kapiga simu, kacheka mpaka kaishiwa pumzi. Wanawake kumi na moja wameingia uani kwa baba, kuni kichwani, maharage, mmoja ameanza kulia toka barabarani. Wamemkuta marehemu anapukuchua mahindi. Baba kawakaribisha vizuri sana. Kaamuru maharage yapikwe, akala sahani mbili. Aliponawa mikono ndipo akauliza: nani kaniua? Mama Ndayikeza akajibu, iko kwenye kompyuta ya Mwanahawa.

Mimi sikucheka na Divine. Nikiona pikipiki inapunguza mwendo nachungulia kama ni baba.

Jumatano, 14 Mei 2025

Moses kapiga. Eti nifute. NIFUTE! Nimemwambia karibu, njoo ufute mwenyewe, kiti kipo.

Akashusha sauti. Ananiomba niseme ni mimi niliyeandika. "Wewe na baba si tayari hamuongei? Hupotezi kitu."

Sikumtukana. Nimekata simu, nikaenda kukata karatasi za kadi, nimekata vibaya shiti nzima. Kinachoniuma ni kwamba kapiga hesabu na kaona imekaa sawa.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Naandika nimejibanza nyuma ya mashine ya kopi. Baba yuko kwenye kiti changu.

Kaja saa nne, na koti lake la kanisani, Moses nyuma yake kabeba mwavuli na jua lote hili. Nikasema shikamoo baba. Akasimama mbele ya kompyuta. "Washa." Neno la kwanza kwa miaka minane. Nikawasha, kwanza nikakosea swichi.

Kavaa miwani. Anasoma kwa kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari. Moses akaanza, "Baba, unajua Mwanahawa ndiye..." Baba hakugeuka: "Nyamaza. Nasoma msiba wangu."

Kidole kikafika penye watoto. Akahesabu kwa Kirundi, anakunja kidole kimoja kimoja. Umwe, babiri, batatu, bane, batanu. Akarudia. Kisha akamtazama Moses. Si mimi, Moses.

"Nilizaa sita."

Moses anaangalia viatu. Viatu vizuri, ni kweli.

"Ongeza," baba kaniambia. Nikamweleza: baba, hii mashine imegandishwa, nikiongeza, umeme ukikatika kinafutika. "Ongeza, uitoe kwenye karatasi. Moses ataitunza." Duh! Moses kaitikia ego, ego, ndiyo baba, kama darasa la kwanza.

Nimekaa kwenye stuli pembeni yake. Ananuka dawa za hospitali na moshi wa kuni. Nikafuta "watano", nikaandika "sita". Nikashuka mwisho wa majina, nikaandika "na".

Hapo akauliza. Taratibu, kwa Kirundi, macho kwenye kibodi: liandikwe jina lipi?

Moses akarukia, "Theodosia, baba, si ndilo la ubatizo." Baba: "Sikukuuliza wewe."

Mimi mwenye mdomo huu, mimi ninayemjibu kila mtu Kibondo nzima, nikasema ngoja nilete karatasi. Nimekuja huku nyuma. Karatasi zipo kwenye printa, zimejaa, na yeye anaziona.

Hajaniita. Hajageukia ukutani. Kakaa tu, mikono magotini, anasubiri nimwambie jina.